Kutoka Kipande hadi Viza: Ni Nani Humwita Mfanyakazi Mtoro?

Kila mfumo wa uzalishaji mali una njia yake ya kumpata mfanyakazi, na una njia yake ya kumzuia asiondoke. Katika utumwa njia hiyo ilikuwa ni mnyororo. Katika ukabaila ilikuwa ni ardhi ya bwana, ambayo mtwana hakuweza kuiacha bila ya kufa njaa. Katika ukoloni njia hiyo ilikuwa ni karatasi. Karatasi hiyo iliitwa kwa majina mengi: cheti cha kodi, mkataba, kipande, chitupa. Lakini kazi yake ilikuwa moja, yaani kumfanya mtu ambaye kwa sheria ni huru awe chini ya mwajiri mmoja, kwa muda uliopangwa na mwajiri huyo.

Jambo hili si la kale tu. Hivi leo vijana wetu wanakwenda kufanya kazi Oman, Falme za Kiarabu, Saudia na Qatar kwa viza na vibali vya kazi. Katika madarasa ya itikadi vijana huuliza swali moja mara kwa mara: je, kwenda kufanya kazi nchi za nje ni kujikomboa au ni kujiuza? Swali hili halijibiwi kwa hasira wala kwa kaulimbiu. Linajibiwa kwa kuichambua historia. Na historia inayofaa iko hapa hapa Ufipa, kwa sababu nchi hii ya juu, iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, iligeuzwa na ukoloni kuwa ghala la nguvukazi. Wazee wetu waliokwenda manamba waliyajua masharti ya safari ya kazi kabla neno viza halijafika Sumbawanga.

Hoja ya makala haya ni kwamba safari ya kazi yenyewe si uovu. Binadamu amesafiri kutafuta riziki tangu zamani. Uovu huanza pale karatasi ya ruhusa inapomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na kuondoka kwake kukaitwa kosa la jinai. Popote ambapo mfanyakazi aliyeacha kazi huitwa mtoro, hapo pana mabaki ya utumwa, hata kama mshahara ni mkubwa.

UFIPA KABLA YA MPAKA

Kabla ya kuja kwa wakoloni Wafipa hawakuwa watu wa kujifungia. Mafundi wa chuma walijenga tanuru za udongo zilizozidi kimo cha mtu, ziitwazo malungu, wakayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, mashoka na mikuki. Katika bonde la Rukwa wafumaji walifuma vitambaa vya pamba. Chumvi ilitoka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Mkulima wa nchi ya juu alifukia majani ndani ya matuta makubwa ya mviringo, ardhi ikapata rutuba bila ya kuchoma msitu, naye akavuna ulezi na maharage. Ziada hii ndiyo iliyosafiri. Jembe la Ufipa na kitambaa cha Rukwa vilivuka mito na mabonde, na aliyevibeba hakuulizwa cheti.

Haifai hata hivyo kuipamba hali hiyo. Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Mwene na maofisa wake walipokea sehemu ya jasho la mkulima. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtumwa aliyetoroka msafara aliitwa mtoro, akawindwa. Kwa hiyo neno hili halikuletwa na Mzungu. Mzungu alilikuta, akalichukua, akaliingiza katika sheria zake.

Tarehe 1 Julai, 1890, serikali za Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi wa waliotia saini hawakuwa wamezikanyaga. Mstari ulichorwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na sehemu yake ukafuata Mto Kalambo. Hakuna Mmambwe wala Mlungu aliyeulizwa. Wamambwe na Walungu walilala wakiwa jamii moja, wakaamka wakiwa raia wa himaya mbili. Tangu hapo mtu aliyekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya Kalambo aliweza kuitwa mgeni. Hiki ndicho chanzo cha kila kibali: kwanza hutengenezwa mpaka, kisha hutengenezwa ruhusa ya kuuvuka, kisha ruhusa hiyo hupewa bei.

KODI KAMA SILAHA

Mkoloni alihitaji wafanyakazi, lakini mkulima wa Ufipa hakuwa na sababu ya kumfanyia kazi. Alikuwa na ardhi, jembe na chakula. Mtu wa namna hiyo hawezi kuajiriwa kwa ujira mdogo. Hapana budi kwanza aondolewe uwezo wa kukataa. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na nyumba ya kawaida ya kijijini ilitakiwa kulipiwa rupia 3. Kwa watu wa Ufipa, amri za serikali hiyo zilitoka katika boma la Bismarckburg, pale Kasanga, kando ya ziwa.

Rupia haioti shambani. Ili uipate, ni lazima uuze kitu, na asiye na soko la mazao huuza mikono yake. Mwaka 1907, kule Usambara, Wajerumani waliweka utaratibu wa kadi uliomtaka kila mwanamume kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Hivyo ndivyo kipande kilivyoingia katika historia yetu. Kiini cha kadi hiyo kilikuwa kuthibitisha kwamba mtu mweusi hakuwa shambani kwake. Haikuwa na haja ya kuthibitisha ujuzi wake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika nchi, nao wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Utawala ulibadilika, mantiki ya uchumi ikabaki. Sehemu zenye reli na zao la biashara zililipa kodi kwa kahawa au pamba. Sehemu zilizoachwa bila ya reli wala zao zililipa kwa watu. Hakuna reli iliyofika Sumbawanga. Gunia la ulezi halikuweza kubeba gharama ya safari ya kwenda sokoni. Mwanamume aliweza, kwa sababu alitembea mwenyewe. Kwa mfumo wa kibepari, bidhaa ya Ufipa iliyosafirishwa kwa bei rahisi kuliko zote ilikuwa ni Mfipa. Na kwa kuwa tangu 1926 watawala wa jadi walifanywa rasmi kuwa mkono wa serikali ya kikoloni, aliyeidai kodi kijijini alikuwa ni mtu wa nyumbani. Hivyo ukoloni ulifanikiwa kumkasirisha mnyonge dhidi ya mtumishi, na kumsahaulisha bwana.

MANAMBA NA MTORO

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche aliyoagiza ilinusurika 62 tu, na kutokana nayo yakaenea mashamba ya Tanga na Morogoro. Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa mkonge. Zao hili lilihitaji maelfu ya mikono ya kukata majani, kuyabeba na kuyalisha katika mashine ya korona.

Hapa lipo swali ambalo mwanafunzi wa siasa hana budi kulijibu. Tanga ilikuwa na watu wake. Kwa nini mwenye shamba alipe gharama ya kumleta mtu kutoka Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000? Jibu ni kwamba Mbondei au Mzigua alikuwa na shamba lake karibu. Akichoshwa na mnyapara, alirudi kwao jioni. Mfipa hakuwa na pa kurudi jioni. Umbali wenyewe ulikuwa mnyororo. Mfanyakazi aliyeletwa kutoka mbali alifaa kwa sababu hakuweza kukataa, wala si kwa sababu alikuwa na nguvu au ujuzi kuwashinda wenyeji.

Palipo na umbali, sheria iliongeza fundo. Sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mkulima asiyejua kusoma alitia dole gumba mbele ya ofisa wa serikali, kwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Tangu dakika hiyo mwili wake ulikuwa na mwenyewe. Akiondoka, hakuwa mtu aliyevunja mapatano, ambaye hudaiwa fidia na mambo yakaisha. Alikuwa mtoro, wa kutafutwa, kutozwa faini au kufungwa. Mwaka 1926 iliundwa idara ya kazi, na mkuu wake, Meja Orde-Browne, alisimamia kambi za njiani na ukaguzi wa mikataba. Idara hiyo ilipunguza baadhi ya mateso ya barabarani. Lakini ilihakikisha pia kwamba mzigo unafika.

Shambani mfanyakazi alipewa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi yake aliyopimiwa ilitiwa alama. Siku ambayo hakumaliza haikuhesabiwa, ijapokuwa jua lilimchoma kama siku nyingine. Nafasi 30 zilitakiwa zijazwe katika siku 42, ndipo mshahara ulipwe. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikuwa mwezi wa mnyapara. Hata jina lenyewe, manamba, linatuonyesha hali yake: mtu mwenye ukoo, rika na kijiji aligeuzwa kuwa namba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1941, serikali iliwakamata makumi ya maelfu ya watu kwa nguvu ya sheria na kuwapeleka katika mashamba ya Wazungu. Kulazimisha watu kwa sheria kulipokaribia kukoma, wenye mashamba walikuwa tayari wameunda chombo chao cha kuandikisha, SILABU, mwaka 1944. SILABU ilitoa usafiri na chakula cha njiani, ikaweka utaratibu uliokuwa nafuu kuliko ule wa mawakala wa awali. Lakini tuelewe maana yake. Wenye mashamba waliungana ili wasishindane wao kwa wao kwa kupandisha mshahara. Mabwana walikuwa na umoja wao miaka mingi kabla wafanyakazi hawajaruhusiwa kuwa na wao.

Mshahara huo ulipimwa kama mshahara wa mtu mseja. Mke aliyebaki Ufipa alilima, alilea watoto, alitunza wazee, na alimpokea mume alipouguzwa au kuzeeka. Mashamba ya mkonge hayakulipa chochote kwa kazi hiyo. Kufanya matuta ni kazi nzito inayohitaji mikono mingi kwa wakati mmoja; vijana walipoondoka, mzigo ulimwangukia mwanamke. Kwa hiyo unyonyaji ulikuwa wa pande mbili: mwanamume alinyonywa Tanga kwa kipande, na mwanamke alinyonywa Ufipa bila hata ya kipande.

Wako waliokwenda kusini. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, migodi ya shaba ya Luanshya, Kitwe na Ndola iliwavuta watu wa pande zetu kupitia Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Huko karatasi iliitwa chitupa. Majirani zetu wa Rungwe na Mbeya waliandikishwa na Wenela, wakapelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya makaburu. Jina lilikuwa lingine, mpango ule ule.

Mhusika mmoja wa historia hii asisahauliwe, naye ni kijana mwenyewe. Si kila manamba alikamatwa. Wengi walijiandikisha kwa hiari. Walitaka baiskeli, nguo, fedha za mahari, na wengine walitaka kupumzika na amri za wazee. Kuna methali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na kijana aliyeondoka hupigwa kwa methali hiyo hadi leo. Lakini mchambuzi wa kijamaa huuliza: kama kwao hakuna soko, hakuna shule, na kodi inadaiwa, ni yeye aliyekataa kwao, au ni kwao kulikofanywa kumkatae? Hiari ya mtu aliyefungiwa milango yote isipokuwa mmoja ni hiari ya kupita mlango huo.

NI NINI KILICHOKOMESHA KIPANDE?

Ukombozi wa manamba ulitokana na mambo matatu, na mpangilio wake una mafunzo.

Jambo la kwanza ni umoja wa wafanyakazi. Mwaka 1955 iliundwa TFL, na Ndugu Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Katika mashamba ya mkonge chama cha wafanyakazi kilikua haraka, na mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 uliwaonyesha wenye mashamba kwamba namba zimeanza kusema. Mtu mmoja akiacha kazi huitwa mtoro. Watu elfu wakiacha kazi pamoja huitwa mgomo, na mwajiri hulazimika kuketi mezani.

Jambo la pili ni dola. Baada ya Uhuru, serikali ya TANU iliweka kima cha chini cha mshahara na sheria za kulinda ajira, ikafunga mlango wa kupeleka watu kwenye migodi ya makaburu ingawa hatua hiyo ilikata mapato ya familia nyingi. Mwaka 1965 SILABU ilifungwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliendeleza hatua hizo kwa kuweka sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge chini ya umma.

Jambo la tatu mara nyingi husahauliwa, nalo ndilo lililoigusa Ufipa kwa undani. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima. Mahindi ya Sumbawanga yakanunuliwa kwa bei ile ile ya mahindi yaliyo karibu na Dar es Salaam, na gharama ya umbali ikabebwa na Taifa. Rukwa, iliyoanzishwa kuwa mkoa mwaka 1974, ikaingia katika mikoa minne mikuu ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mkulima wa nchi ya juu kwa mara ya kwanza aliweza kupata fedha akiwa nyumbani kwake. Sheria ilifuta kipande kwenye karatasi, lakini gunia la mahindi ndilo lililokifuta ndani ya nyumba.

Hatuna budi pia kusema ukweli wa pili. Bei hiyo moja ilikuwa mzigo mkubwa kwa hazina na kwa shirika la usagishaji, malipo ya wakulima yalichelewa, na katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa hatua kwa hatua. Umbali ukarudi kuwa mali ya mkulima peke yake. Si ajabu basi kwamba swali la safari ya kazi limerudi pia. Barabara ya lami imefika, wakala wa hifadhi ya chakula hununua nafaka, lakini kijana anayeona bei ya mahindi ikipanda na kushuka huisikia habari ya mshahara wa Ghuba kwa masikio yale yale ambayo babu yake aliisikia habari ya Tanga.

VIZA, KIBALI NA KAFILI

Tuyafafanue maneno kwanza. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Kibali cha kuishi ni ruhusa ya kukaa. Katika nchi nyingi ruhusa hizi hutolewa na dola na huweza kutenganishwa. Katika mfumo uitwao kafala, uliojengwa katika nchi za Ghuba, ruhusa zote tatu zimefungwa kwa mtu mmoja, yaani kafili, ambaye ndiye mwajiri. Mfanyakazi akikosana naye hapotezi kazi peke yake. Hupoteza haki ya kuwapo. Kafili anaweza kumripoti kwamba ametoroka, na kuanzia hapo mfanyakazi ni mhalifu katika nchi ya watu.

Msomaji aliyefuatana nasi tangu 1923 atakuwa amekwisha kulitambua neno. Mtoro amerudi.

Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyotokana na kuwahoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walieleza kwamba pasi zao zilishikwa na waajiri au mawakala. Wengi walieleza saa nyingi za kazi bila ya mapumziko, na mishahara iliyopunguzwa au kutolipwa. Baadhi ya nchi zimebadilisha sheria tangu wakati huo. Oman, kuanzia Januari 2021, iliondoa sharti la mfanyakazi kupata hati ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine baada ya mkataba wake kwisha. Hatua hiyo ni ya kusifiwa. Lakini sheria ya kazi ya nchi hiyo haiwahusu watumishi wa nyumbani, na hao ndio wengi wa dada zetu.

Ili tusihukumu kwa hisia, tumpime mfanyakazi wa viza kwa maswali matano yale yale tunayoweza kumpimia manamba.

Kwanza, nani analipa safari? Manamba alisafirishwa na SILABU, kisha akafungwa na mkataba. Mtumishi wa leo husafirishwa na wakala, na akitaka kurudi kabla ya muda huambiwa alipe gharama. Deni huwa kamba.

Pili, karatasi iko mikononi mwa nani? Hapa hali ya leo inaweza kuwa mbaya zaidi, maana mwajiri hushika pasi. Pasi ya Tanzania ni mali ya Serikali ya Tanzania, naye mwenye pasi amekabidhiwa tu. Mwajiri anayeifungia kabatini ameshika mali ya Jamhuri.

Tatu, je, anaweza kubadilisha mwajiri bila ya kupoteza ruhusa ya kuwapo? Manamba hakuweza mpaka mkataba uishe. Mtumishi aliye chini ya kafala yuko katika hali hiyo hiyo.

Nne, anapeleka wapi malalamiko, na kwa lugha gani? Manamba angalau alikuwa na wenzake mia katika kambi moja, na ndiyo maana mgomo wa Mazinde uliwezekana. Mtumishi wa nyumbani yuko peke yake jikoni mwa mtu. Upweke ndio adui mkubwa kuliko wote wa mfanyakazi.

Tano, anarudi na nini? Kuna wanaorudi na nyumba, ada za watoto na mtaji, na huo ni ukweli usiofaa kufichwa. Kuna wanaorudi na ugonjwa, na wengine hurudi wakiwa hawana hata mshahara. Tofauti kati yao isiachwe kuwa bahati ya kuangukia tajiri mwema. Haki inayotegemea wema wa bwana bado ni hisani.

TUJITAZAME NA SISI

Mwanamapinduzi hachambui nyumba ya jirani akaacha ya kwake. Sisi pia tunatoa vibali vya kazi. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 huweka kibali mikononi mwa Kamishna wa Kazi, hutoa muda wa miezi 24 unaoweza kuongezwa, na humtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha wazalendo ujuzi. Lengo la kulinda ajira za wananchi ni halali. Lakini kibali chetu nacho hutolewa kwa kazi fulani na mwajiri fulani, na kanuni tunayodai Muscat hatuna budi kuikubali Dar es Salaam: mgeni aliyedhulumiwa na mwajiri asiogope kushtaki kwa hofu ya kufukuzwa nchini.

Vilevile Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, ikitangaza uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Katika utekelezaji, orodha ya Tanzania ilifungua milango kwa wataalamu wa fani zilizotajwa. Mhandisi na mwalimu wa hisabati wana mlango. Kibarua wa shamba hana. Mpaka basi una tabaka. Humlainikia mwenye cheti na kumkazia mwenye jembe, ingawa mwenye jembe ndiye aliyeuvuka kabla haujachorwa.

WAJIBU WETU

Kutokana na uchambuzi huu kazi za makada ni dhahiri.

Ya kwanza ni kuondoa ujinga wa mikataba. Sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999 inasimamia mawakala, na tangu 2008 tuna wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA. Kijana wa Matai, Namanyere au Laela anapaswa kujua hilo kabla ya kukutana na mtu mwenye ahadi tamu. Anayeondoka kwa viza ya matembezi ili afanye kazi huko anaingia katika nchi ya watu akiwa tayari amevunja sheria, na mwajiri atamshika kwa kosa hilo. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi, na nakala ibaki kwa familia.

Ya pili ni kudai katika kila mapatano kati ya nchi na nchi mambo manne: gharama za safari zisimwangukie mfanyakazi, pasi ibaki kwake, awe na haki ya kuhama kwa mwajiri, na kuacha kazi kusiwe kosa la jinai. Taifa lililokataa kuwapeleka watu wake Wenela likiwa changa na maskini haliwezi kusema leo kwamba halina nguvu ya kuweka masharti.

Ya tatu ni kuvunja upweke. Vyama vya wafanyakazi, balozi zetu na jumuiya za Watanzania walioko huko vinapaswa kuwa na orodha ya walipo, na namna ya kuwafikia. Mfanyakazi anayejulikana alipo ni vigumu kumwonea.

Ya nne ndiyo msingi wa zote, nayo iko Ufipa kwenyewe. Historia imetuonyesha kwamba kipande kilishindwa na bei ya haki ya mahindi. Barabara, ghala, kiwanda cha kusindika, mbolea inayofika kwa wakati, na ushirika usiomwibia mkulima, hivi ndivyo vinavyompa kijana uwezo wa kukataa. Na mwenye uwezo wa kukataa ndiye peke yake anayeweza kukubali kwa hiari.

Kwa hiyo kijana anayeuliza kama aende au asiende, tusimjibu kwa kumkataza, maana mkoloni naye alikuwa hodari wa kukataza. Tumwambie aulize kwanza: nikiichoka kazi hii na kuondoka, nitaitwa nani? Akijibiwa kwamba ataitwa mtu aliyeacha kazi, basi anakwenda kuajiriwa. Akijibiwa kwamba ataitwa mtoro, basi ajue kwamba karatasi anayotaka kutia saini ni ile ile ambayo babu yake aliitia dole gumba.